Nilivyotengeneza ngome ya Eben-Emael kwa foma la friji na dengu (na hapana, siweki maparachuti)

Nianze kwa kumaliza ubishi kwanza. Kwenye modeli yangu ya Eben-Emael, ngome ya Ubelgiji iliyotekwa kwenye Vita ya Pili ya Dunia, hakuna parachuti hata moja na sitaweka. Kila anayeingia dukani kutoa kopi akiiona tu, "kaka umesahau maparachuti", na kwenye grupu la wasapu ndo usiseme, kuna jamaa kanitumia mpaka muundo wa kukatia vitambaa. Sikieni basi. Wajerumani waliotua juu ya ile ngome alfajiri ya tarehe 10 Mei 1940 walikuja na glaida, ndege nyepesi zisizo na injini, zinavutwa kwa kamba na ndege za injini, Junkers 52, kutoka Cologne, Ujerumani, halafu kamba inaachiwa mbali huko na zenyewe zinakuja taratibu bila mlio. Kwa parachuti wangemwagika hovyo, huyu kaangukia kwenye mfereji, yule kijijini, bunduki kivyake. Glaida inashusha watu saba nane pamoja na mabomu yao mlangoni kwa mwenye nyumba. Sasa nikiweka parachuti si nimefuta hadithi yote?

Mambo yalianza na mpwa wangu wa form four. Alinibishia kwamba hao Wajerumani 85 hawawezi kuiteka ngome yenye wanajeshi zaidi ya 600 ndani, zege kila upande, mizinga, na mfereji wa Albert, ule mkubwa wa kupitisha meli, unapita chini ya genge, ukuta wa mwamba, upande mmoja. Wabelgiji waliijenga kuanzia 1931 kulinda njia kati ya Maastricht na Liège na kwa macho ya wengi ilikuwa haipenyeki. Nikamwambia ngoja nikutengenezee uione.

Vipimo ni rahisi, milimita moja iwe mita moja, kwa hiyo ngome yenyewe inatoka kama sentimita 90 kwa 70, inakaa juu ya meza ya kawaida. Ramani nilichapa vipande vipande nikaunga. Kwa ardhi nikachukua lile foma jeupe linaloshikilia friji ndani ya boksi, muuza friji jirani yangu analitupa bure. Nikachonga kwa kisu cha moto, likatoka zuri kwelikweli, genge limesimama, huku juu kumetulia tambarare.

Hapo ndo likaja la spray. Fundi mmoja wa kupaka magari, mtu na heshima zake, akaniambia rangi ya brashi itanichelewesha, piga spray ya kijani dakika mbili umemaliza. Akanipa na kopo lake lililobaki. Jamani. Nimepuliza mara ya kwanza nikaona rangi inang'aa, safi, nikapuliza tena upande wa kaskazini, nikasikia kama kitu kinachemka. Nainama naona foma linazama. Linajila lenyewe! Mashimo yanafunguka moja baada ya jingine, genge limegeuka uji, moshi sijui harufu ile ilikuwa nini mpaka mteja akatoka nje. Mpwa wangu kasimama mlangoni anacheka machozi, "mjomba, ngome imetoboka na Wajerumani bado hawajafika". Fundi nilipomfuata ananiambia eti foma langu ni feki. Foma la bure nalo lina feki? Wadau, dawa iliyo ndani ya spray inayeyusha foma, wa magari wanaijua bati tu. Nilichonga upya, nikachanganya rangi ya maji ya ukutani na gundi nyeupe ya mbao, nikapaka kwa brashi, mpaka leo ngumu kama kibao.

Ila raha yangu ni makuba. Pale juu kulikuwa na makuba ya chuma, yaani vifuniko vya duara vya mizinga, na kwa vipimo vyangu kubwa kuliko yote linatakiwa liwe na upana wa milimita sita hivi. Shanga hazikukaa, zinabingirika. Vichwa vya pini vidogo. Jioni napita kwa mama muuza bhajia naona beseni la dengu za kupasuliwa, nusu duara, chini bapa, saizi ileile! Nikanunua za mia tano, zingetosha ngome zote za Ulaya. Unachagua nzuri, unapaka rangi ya kucha ya silva pande zote, usiache hata chini maana dumuzi watakuja, unabandika. Glaida ni kijiti cha kiberiti kilichokatwa kidogo na bawa la karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, sentimita mbili na kidogo. Zilizotua pale alfajiri ile ni tisa. Zilipangwa 11, lakini moja iliachiwa mapema na nyingine kamba ilikatika, na humo ndimo alimokuwa kamanda mwenyewe, Rudolf Witzig. Akaangukia shambani karibu na Cologne, akatafuta ndege nyingine ya kumvuta, akafika asubuhi hiyohiyo akakuta sajenti wake Wenzel anaendesha kazi. Hizo mbili nimezibandika pembeni kabisa ya meza, watu wanadhani zimedondoka.

Siku ya maonyesho shuleni kwao nilifanya mchezo. Nikawapa vijana glaida mkononi, nikawaambia chagueni kuba la kushambulia. Wengi wakakimbilia ncha ya kaskazini, na kule nilikuwa nimeweka dengu zilezile lakini ni makuba ya bandia, Wabelgiji waliyaweka kudanganya wapiga picha wa angani. Na kweli glaida mbili za Wajerumani zilipelekwa huko zikapoteza muda. Mwalimu wao akauliza mbona huku juu pamebaki wazi. Nikamjibu ndivyo palivyokuwa, hakuna mabomu ya kutega, palitumika kama uwanja wa mpira wa askari! Mizinga yote inatazama mbali, hakuna aliyefikiria adui atashukia darini. Wale jamaa walikuwa na mabomu ya kilo 50 yaliyotengenezwa na bonde kwa chini, nguvu ya mlipuko inakusanyika sehemu moja inachoma chuma. Ndani ya nusu saa mizinga mingi ya juu imezimwa, kesho yake mchana ngome ikasalimu amri, na Wajerumani wamepoteza watu sita tu. Mpwa akanyamaza, kwa yule kunyamaza ni ushindi mkubwa.

Gharama sikuandika, labda elfu ishirini na kitu, nusu yake rangi ya kucha. Kuna mzee anaitaka kwa laki, nimekataa. Sasa hivi natafuta foma la friji la milango miwili nitengeneze uwanja wa ndege wa Maleme, kisiwa cha Krete, Ugiriki, Mei 1941, Wajerumani walikorudia mtindo wa kushuka kutoka angani wakachinjwa mpaka Hitler akaacha mashambulizi makubwa ya aina hiyo. Na huko ndo kuna maparachuti, tena mengi, kwa hiyo yule jamaa wa vitambaa aniletee sasa.