Barcelona, Nje ya Kamba

Nilifika Barcelona mwezi Agosti 2022 kwa treni iliyotoka Ufaransa. Katika kituo cha Sants nilipanda metro, nikabadilisha Passeig de Gràcia, kisha nikafuata njia ya manjano hadi Ciutadella Vila Olímpica. Kasino niliyoikusudia iko chini ya hoteli ndefu iliyo karibu na bahari, jirani na samaki mkubwa wa rangi ya dhahabu aliyebuniwa na Frank Gehry. Mlangoni niliombwa pasipoti, ikatazamwa, nikaruhusiwa kuingia.

Hapo ndipo European Poker Tour, msururu wa mashindano ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, ilipoanzia, mwezi Septemba 2004. Mwanzilishi wake, John Duthie, alikuwa mwongozaji wa vipindi vya televisheni nchini Uingereza ambaye mwaka 2000 alijishindia pauni milioni 1 katika mashindano yaliyorushwa moja kwa moja kutoka Kisiwa cha Man, kwa hiyo aliifahamu meza ya karata na pia kamera inayoitazama. Mara ile ya kwanza wachezaji 229 walilipa yuro 1,000 kila mmoja. Mwaka niliofika mimi ada ilikuwa yuro 5,300, na maingizo yakafika 2,294. Ni kama mara kumi kamili, ingawa hesabu hiyo ina hila kidogo, kwa kuwa siku hizi aliyetolewa huweza kulipa tena na kurudi mezani.

Nikiwa nimesimama nje ya kamba ya watazamaji, nilishangaa kuona jinsi mchezo wenyewe usivyotazamika. Meza zilijaa ukumbi mzima, chipu, vile vibao vya kuwekea dau, zikigongana vidoleni bila kukoma kama mvua juu ya bati, na watu wakizirudisha karata zao kwa mgawaji bila kusema neno. Ndivyo televisheni ilivyouona mchezo huu kwa miaka mingi: nyuso tu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1999, pale kipindi cha Uingereza kiitwacho Late Night Poker kilipoweka vioo mezani ili kamera zione karata za siri kutoka chini. World Poker Tour ya Marekani ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2003, mtazamaji alikuwa tayari anajua zaidi kuliko wachezaji wenyewe. Mwaka huohuo Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia intaneti, alishinda dola milioni 2.5 mjini Las Vegas, na maelfu wakajiona katika nafasi yake. Kwa maoni yangu, bila vile vioo ushindi wake ungebaki habari ya gazetini.

Jioni, kwenye meza iliyozungukwa na taa na kamera, kijana mwenye kofia alisukuma chipu zake zote katikati. Mpinzani wake, mtu mzima aliyekuwa akijipapasa kidevu, alifikiri kwa dakika kadhaa kisha akazitupa karata zake, akimwachia kijana dau lote. Hakuna aliyeonyesha kitu, nasi nje ya kamba tukatazamana tu.

Nilitoka kupunga upepo wa bahari. Matangazo hucheleweshwa makusudi ili mchezaji asinong'onezwe siri za mwenzake, hivyo nilikaa karibu na yule samaki wa dhahabu, nikafungua simu na kusubiri. Mzunguko ule wa karata ukafika. Yule mtu mzima alikuwa na wafalme wawili, karata zenye nguvu; kijana hakuwa na kitu chochote.