Hukuniuliza

Neno lenyewe ni moja tu, na Baba hakulisema kwa ukali. Labda ndiyo maana halitoki.

Mnakumbuka nilivyosema nitamtafutia kompyuta nyingine, maana ile ya Windows 7 feni yake ilikuwa inalia kama cherehani. Nilipata ya mtumba, nzima, na Jumamosi alipokwenda kuswali Isha nikakaa kumhamishia barua pepe zake. Baba ni mtu wa Thunderbird, ile programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, tangu yuko bandarini. Toleo lake lilikuwa la 91, la mwaka 2021, na hili nililomwekea ni la 140, lililotoka Julai 2025. Nilinakili folda yote ya wasifu, ambamo programu inaweka barua na mipangilio yake, kwenye diski ya nje, nikaimwaga kwenye mashine mpya, nikafungua programu, na kila kitu kikaja kilivyokuwa. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Nikaona nimsaidie. Baba ana akaunti mbili: ile kongwe, ambayo kampuni iliyompa ilishafunga huduma siku nyingi, na ya Gmail kwa ajili ya pensheni na benki. Nikaweka zionekane kama sanduku moja. Nikazipanga barua kwa mazungumzo, jibu likae chini ya barua inayojibiwa, na mpya ziwe juu. Nikaacha ule mwonekano wa mistari unaofanana na daftari la hesabu, nikaweka wa kadi. Macho yake mnayajua, nikasema yatapumzika. Nikamzimia mashine, nikabeba ile kuukuu, nikaenda kwangu nimefurahi kweli.

Jumapili asubuhi nikapita.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Ni wewe uliyezigusa barua zangu?"

"Ni mimi, Baba. Nimezipanga upya usihangaike kutafuta."

Akanyamaza. Akavua miwani, akaiweka juu ya kibodi.

"Hukuniuliza."

Kisha akauliza kama nimepita kwa yule mama wa maandazi.

Wiki hii Zuhura amejifungua mapacha salama, ofisini wamenipa kitengo kizima nikisimamie, na mimi nimeishi ndani ya neno hilo. Kwenye daladala kutoka Chumbageni nalijibu. Kwenye kikao nalijibu. Mara namwambia, Baba, nilitaka upumzike. Mara namwambia, ungekuwepo ningekuuliza. Hilo la pili si kweli, na nikilifikia nanyamaza hata kichwani, kwa sababu nilichagua saa ambayo hayupo. Nilitaka akute kazi imekwisha, afurahi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazini siwafanyii watu hivyo. Tulipotoka kwenye POP3, njia inayoshusha barua zikakae kwenye kompyuta yako, kwenda IMAP, ili barua zibaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, na mtu azione hata kwenye simu, nilitoa taarifa wiki mbili kabla, kisha nikapita meza kwa meza nikiuliza: una folda gani, zipi hutaki ziguswe? Na mwaka 2022, Google walipofunga kuanzia tarehe 30 Mei ile njia ya programu za nje kuingia kwa nywila peke yake, nilikaa na mama wetu wa uhasibu nusu siku nzima, mpaka akaridhika kwamba lile dirisha jipya la kuingilia ni la kweli na si la matapeli. Mtu wa ofisini nampa nusu siku. Baba yangu nikampa muda wa Isha.

Nilifikiri hata kumrudishia toleo la 91. Haiwezekani kirahisi: wasifu ukishafunguliwa na toleo jipya, la zamani linaukataa na kukutaka uanzishe mwingine. Nakala ya kwanza ninayo, ndiyo, lakini kumbakiza mzee kwenye programu isiyozibwa tena matundu ya usalama, na humo anapokea barua za benki, ni kumlaza mlango wazi. Kumbe pia mabadiliko ambayo wengine waliyapata kidogo kidogo yeye yalimwangukia usiku mmoja. Ule upau wa pembeni kushoto ulikuja na toleo la 102, mwaka 2022. Sura mpya yenyewe ilikuja na la 115, Julai 2023. Mtu ameondoka 91 akaamkia 140, halafu mwanawe akaongeza ya kwake juu.

Jumatano nikatoka kazini mapema, nikanunua changu wawili sokoni, nikaenda. Tulipomaliza kula nikavuta kiti nikakaa kando yake, mikono nimeiweka mapajani.

"Baba, unataka zikae vipi?"

Hakujibu. Akafungua folda ya Muscat.

Mnajua Mama alikwenda kumuuguza Mama Mkubwa huko, akakaa karibu miaka miwili. Barua za wakati ule, zake na za Baba, zote ziko kwenye folda hiyo. Zilishushwa kwa POP3, kwa hiyo haziko kwenye seva yoyote duniani. Ziko hapo mezani kwa Baba tu.

"Jumamosi nilivyorudi nikafungua," akasema. "Nikaona barua zangu peke yake. Za mama yako hazipo. Nikadhani zimebaki kwenye mashine ile, na ile ulishaibeba."

Nilitazama kioo nikaelewa, nikahisi baridi. Nilikuwa nimezipanga kwa mazungumzo, na mazungumzo yakikunjwa inabaki ile barua ya kwanza tu. Mwanzilishi wa kila mazungumzo alikuwa Baba. Majibu yote ya Mama yalikuwa yamefichwa chini yake. Usiku mzima ule alilala akijua zimepotea, na asubuhi akaniambia neno moja tu.

Nikambonyezea kile kimshale kidogo. Barua ya Mama ikatokea. Baba akacheka, cheko la kweli, akapiga goti lake kwa kiganja.

Tukapanga upya wote wawili, yeye akisema, mimi nikifuata. Akaunti zitengane. Kadi ziondoke, mistari irudi. Mazungumzo yafunguliwe, kila barua isimame peke yake kwa tarehe yake, ya zamani zaidi iwe juu kabisa. Nikamuuliza kwa nini ya zamani juu, watu wengi wanapenda mpya.

"Naanza pale alipoanza," akasema.

Nikamuomba ruhusa ya kuitazama moja. Akanisomea mwenyewe. Mama alikuwa ameandika kwamba joto la huko si la kupikia, na kwamba mimi nisikatwe nywele kabla hajarudi, hata niliaje. Sikuwahi kulijua hilo. Nimelibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi, na usiku ule sikumjibu tena mtu yeyote kichwani.

Folda yote ile, kumbe, ni faili moja tu la maandishi, barua zikifuatana. Nilimuuliza kabla ya kuinakili. Nakala moja nimeiacha kabatini kwake, nyingine nitampelekea Zuhura akitoka arubaini.

Sasa ni saa tano usiku na upepo umeanza. Mwembe wa uani kwa Baba umezidi kuinama upande wa ukuta wa jirani, nimeuona leo, mizizi imeanza kuinua ardhi. Fundi wa kuukata matawi aliahidi Ijumaa iliyopita hakuja, simu hapokei, na masika hayo yanakuja.