Nilivyoingia kwenye kazi ya kukarabati fresko, picha za ukutani za makanisa, mi mchoraji wa Unguja

Watu wananiuliza sana imekuwaje kijana wa madrasa yuko juu ya jukwaa huko Toscana, Italia, anamfuta vumbi Mtakatifu Fransisko. Jibu ni chokaa. Kozini wenzangu walikuwa wanachora vizuri kunishinda ila lipu iliwatoa jasho, mi nimekulia Mji Mkongwe, baba alikuwa fundi, chokaa iliyoiva naijua kwa kuishika tu. Na fresko ndo hiyohiyo, unapaka rangi na maji lipu ikiwa mbichi, chokaa ikivuta hewa ukaa inageuka jiwe na rangi inanasa humo.

Tofauti ya lipu mbichi na kavu nenda kaione kanisa la Santa Croce, Firenze. Giotto, mchoraji wa zamani wa Italia, alichora vikanisa viwili vilivyopakana humo ndani, Bardi sehemu kubwa kwenye lipu mbichi, Peruzzi kwenye lipu kavu, na sasa Peruzzi imefifia kama kanga ya kudekia. Vyote vilikuja kufunikwa chokaa nyeupe, karne ya 19 vikafukuliwa halafu mafundi wakajazia palipopotea kwa kubuni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja Leonetto Tintori wa Prato, naye msanii, akabandua zile za kubuni akaacha mapengo wazi, pale Bardi mengine yana umbo la makaburi yaliyowahi kujengewa ukutani. Huyu mzee namheshimu sana, maana kuacha pengo ni kazi ngumu kuliko kulijaza, mkono wa mchoraji unawasha bana!

Mi nilivyoweza ni hivi: nilianza na kupiga sindano za chokaa nyuma ya lipu iliyoachia ukuta, brashi sikugusa muda mrefu, jicho likazoea ukuta kwanza. Baadae ndo nikapewa pengo dogo dogo nilijaze kwa vistari vyembamba vya wima, rangi za maji tu ili mwingine akitaka aoshe, ukisogea unaviona, ukirudi nyuma jicho linaunga lenyewe. Kila baada ya vistari kadhaa nashuka nasimama wanaposimama waumini, kama pengo halinisumbui tena basi naacha. Mkunjo wa nguo unaoendelea pande zote mbili sawa, naunga, ila uso uliopotea wote siugusi kabisa, nani aliuona?

Baridi ya kanisani Januari usiseme. Na mzee mwenye funguo kila siku ananiuliza kile kichwa nitakimaliza lini, namwambia mzee wangu, kimeshaisha.