Kisumu kwa Miguu, Kuanzia Stesheni

Jumamosi iliyopita nilishuka kutoka kwenye matatu iliyonileta Kisumu kutoka Nakuru kwa njia ya Kericho, na badala ya kuingia mjini nikaupa mji kisogo na kushika njia ya kuteremkia ziwani. Shemeji yangu, aliyekuja kunilaki stendi, alidhani nimepotea. Nilimwomba avumilie, kwa kuwa nilikuwa na imani moja niliyotaka kuithibitisha kwa miguu yangu mwenyewe: kwamba Kisumu ya kale ilijengwa ikimngoja abiria anayeteremka kwenye gari la moshi, na kwamba sisi tunaoingia kwa barabara kuu huuona mji huu kwa upande wa uani.

Kwa hiyo tulianzia chini, kwenye stesheni na bandari. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali penyewe pakaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mkewe Ronald Preston, aliyesimamia utandazaji wa reli. Jina hilo halikudumu; la wenyeji ndilo lililoshinda. Wengi hushangaa kwa nini njia iliyopita Kenya karibu yote iliitwa Reli ya Uganda, kumbe siku ilipofika ziwani ilikuwa imefika Uganda kweli, maana eneo hili halikuhamishiwa upande wetu hadi mwaka 1902. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba meli ilitangulia: William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa papa hapa ufukweni, ilishushwa majini mwaka 1900, ikawa inaisubiri reli. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaka kwenda Kampala alishuka kwenye behewa, akavuka ziwa kwa meli hadi Port Bell. Kisha reli nyingine, iliyochepuka kwetu Nakuru na kupitia Eldoret, ikafika Kampala mwaka 1931, na Kisumu ikageuka kuwa mwisho wa tawi. Nilimweleza shemeji habari hiyo kwa sauti ya chini kidogo, kwa kuwa katika jambo hilo sisi watu wa Nakuru hatuna pa kujificha.

Kutoka stesheni tulipanda taratibu kuelekea Barabara ya Oginga Odinga, huku waendesha bodaboda wakitupigia honi na kushindwa kuamini kwamba watu wazima wawili, wenye nauli, wameamua kutembea juani. Joto la Kisumu halina mzaha. Hata hivyo ni joto hilo hilo linalokufundisha kuyatazama majengo, kwani ukishachoka kulikimbia jua unagundua kwamba maduka ya zamani yamekutengea njia yako: ghorofa ya juu imesogezwa mbele hadi ukingo wa barabara, ikabebwa na nguzo, na chini yake pamebaki baraza ndefu yenye kivuli inayokwenda kutoka duka moja hadi jingine.

Mpango huo uliletwa na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, walioifuata reli kituo kwa kituo na kufungua maduka kila ilipotua. Wapo wanaodhani kwamba wote ni wajukuu wa vibarua wa reli, lakini sivyo. Vibarua walioletwa kutoka huko walikuwa zaidi ya 31,000. Karibu 2,500 walifia kazini na wengi wa waliobaki walirudi makwao mikataba yao ilipokwisha. Wenye maduka, kwa sehemu kubwa, walikuja kwa nauli zao.

Yapata saa tisa mvua ilishuka ghafla, kama ilivyo desturi ya mvua ya ziwa, nasi tukajibanza barazani mbele ya duka la vitambaa, kando ya fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule. Hakuinua kichwa wala hakusogeza cherehani yake hata inchi moja, ingawa maji yalikuwa yakimwagika hatua mbili tu kutoka alipoketi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alizungumza naye Kijaluo, akatukaribisha sisi kwa Kiswahili, kisha akajibu simu kwa lugha ya tatu. Tulikaa pale karibu saa nzima, na sioni kama nilipoteza muda. Nimeona majengo mapya ya vioo mjini humo yasiyo na hata ukingo wa kumkinga mpita njia, na sielewi ni nani aliyewaambia wasanifu kwamba mvua imekoma kunyesha Kisumu.

Mvua ilipokatika tulifika kwenye mnara wa saa. Ulizinduliwa mwaka 1938, na ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kwa ukumbusho wa baba yao, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki katika karne ya 19. Barabara unaposimama mnara huo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, ambaye kabla ya kuwa Makamu wa Rais mwaka 1964 alianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading mwaka 1947, akikusudia kuonyesha kwamba Mwafrika naye anaweza kuendesha biashara kubwa. Mtu huyo na mnara huo wangeweza kutazamana kama wapinzani, lakini kwa mtembea kwa miguu wanakaa pamoja vizuri sana.

Shemeji, aliyezaliwa Kisumu na kuupita mnara huo maisha yake yote, alisogea karibu na kuyasoma maandishi yake kwa mara ya kwanza. Aliyasoma hadi mwisho, akarudia, kisha akaniambia kwamba kesho yake tungeanza mapema zaidi, kabla ya jua kuchomoza, na kwamba tungeanzia stesheni.