Kumsoma Kim Le Court kutoka Unguja na Pemba

Morisi si mbali na sisi kimaumbile. Bahari ni hii hii ya Hindi, joto ni hili hili, na ukubwa wa kisiwa haupishani sana: Morisi ina kilomita za mraba 1,865, Unguja kama 1,660. Kwa hiyo ile hoja ya barazani, kwamba watu wa visiwani hatuna milima na mashindano ya baskeli za barabarani hayatuhusu, ipimwe kwa mtu mmoja tu: Kimberley Le Court, mwendesha baskeli wa Morisi, mzaliwa wa Curepipe wa mwaka 1996. Aprili 2025 alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake, mbio kubwa za siku moja kule Ubelgiji. Miezi mitatu baadaye, kwenye Tour de France Femmes, mbio za Ufaransa za siku nyingi ambazo kila siku huitwa hatua, alivaa jezi ya njano ya anayeongoza kwa jumla ya muda, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo katika mbio hizo.

Wengi wakitazama ushindi kama ule huona miguu tu. Mimi naona mpangilio wa siku.

Tuanze na Liège. Mbio zinaondoka Bastogne, ni kilomita 152.9, na karibu kila kitu kinaamuliwa na vilima vifupi vikali. Cha mwisho, Roche-aux-Faucons, kina urefu wa kilomita 1.3 na mwinuko wa wastani wa asilimia 11, yaani kila mita 100 unapanda mita 11. Ukipiga hesabu unapata mita 143 za kwenda juu. Masingini, pahala pa juu kabisa Unguja, ni kama mita 120 kutoka usawa wa bahari. Tofauti ni kwamba wao wanapanda mita hizo kwa mkupuo mmoja wa takriban dakika 5, baada ya saa nne za kupigana, na kutoka kileleni bado zimebaki kilomita kama 13 hadi kamba ya mwisho. Walifika wanne: Le Court, Puck Pieterse, Demi Vollering na Cédrine Kerbaol. Vollering ni mpandaji bora kuliko Le Court kwenye mlima mrefu, na hilo halina ubishi. Lakini mlima mrefu haukuwepo. Aliyeweza kubaki kwenye kilima cha dakika 5 na bado akawa na mbio za sekunde 15 miguuni ndiye aliyeondoka na ushindi.

Tour ya 2025 alipata jezi kwa hesabu ile ile. Siku ya kwanza, Plumelec, alimaliza wa tatu nyuma ya Marianne Vos na Pauline Ferrand-Prévot. Watatu wa kwanza wa hatua hupunguziwa muda: wa kwanza sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4. Siku ya pili, Quimper, akawa tena na wa mbele, na jioni njano ikawa yake ingawa hajashinda hatua hata moja. Siku ya tatu Vos akaichukua. Siku ya tano, kuingia Guéret, barabara za vilima vilima baada ya kilomita zaidi ya 160, Le Court akashinda hatua mbele ya Vollering na njano ikarudi mgongoni. Kwenye mteremko wa Granier, siku ya saba, alianguka, akapanda tena, akaikamata mbio na akalala na jezi yake.

Siku ya nane hesabu ikageuka. Col de la Madeleine ni kilomita 18.6 kwa asilimia 8.1, zaidi ya mita 1,500 za kupanda bila kupumzika. Hapo kazi ni ya saa nzima, na kinachohesabiwa ni nguvu kwa kila kilo ya mwili. Mwili wenye misuli ya kumalizia mbio unabeba misuli hiyo hadi juu kama mzigo. Ferrand-Prévot alishinda siku ile, akachukua njano na hakuiachia tena. Waliosema Le Court "alichoka" hawakuangalia ramani. Timu yake, AG Insurance–Soudal, ilikuwa na Sarah Gigante kwa ajili ya milima ya aina hiyo. Mwanariadha wa vilima alitumika siku za vilima.

Na hapa ndipo penye faida kwetu, maana vilima vya dakika 2 mpaka 5 tunavyo. Unguja ni vichache, lakini Pemba ni kupanda na kushuka karibu kila uendako, Chake hadi Wete na kuendelea Konde.

Namna ya kuvitumia. Pasha miguu dakika 20 kwa mwendo wa kuzungumza. Kisha panda kwa nguvu dakika 4, shuka na uzungushe miguu polepole dakika 4, rudia mara 5. Mara mbili kwa wiki inatosha, na zisifuatane siku. Kilima kikiwa kifupi, anzia kwenye tambarare iliyo kabla yake ili dakika zitimie. Kosa la kila mtu ni kuondoka kama mshale kwenye dakika ya kwanza. Weka alama, mnazi au nguzo ya umeme, upime muda wa kila mpando hadi pale. Wa tano ukizidi wa kwanza kwa sekunde 15, ulianza kwa pupa, na zoezi la siku ile limekujengea uchovu zaidi kuliko nguvu.

Kwa dakika ndefu hatuna Madeleine, tuna upepo wa Kusi. Kuanzia miezi ya Mei na Juni hadi Septemba, ukitoka mjini kwenda Makunduchi upepo unakupiga usoni. Nguvu ya kukata hewa hupanda kwa kiasi cha kutisha: ukitaka kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 33, hewa peke yake inakudai theluthi moja zaidi. Basi dakika 20 mara mbili dhidi ya Kusi, gia nzito kidogo, mizunguko 65 hadi 70 ya pedeli kwa dakika, ndiyo mlima wetu. Haufanani kabisa na wa kweli, kwani ukiacha kukanyaga mlimani baskeli inasimama papo hapo, upeponi inateleza kidogo. Kwa hiyo usiache kukanyaga.

Gia zenyewe zinahitaji maelezo, maana hapa ndipo vijana wanapojivunja magoti. Baskeli ya mbio ya siku hizi yaweza kuwa na gia ndogo ya mbele yenye meno 36 na kubwa ya nyuma yenye meno 34. Mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 2.2 hivi. Baskeli ya kawaida ya mjini, meno 44 mbele na 18 nyuma, inakusogeza zaidi ya mita 5. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 hiyo ya pili inataka mguu usukume zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko. Unaishia kukanyaga mizunguko 30 kwa dakika, cheni inaruka, pini ya mkono wa pedeli inapinda, goti linauma upande wa mbele. Kama huna baskeli ya gia nyingi, badilisha friwili, lile gurudumu la meno la nyuma: meno 22 nyuma yanasaidia sana, bei yake haiumi, na fundi anaifunga kwa muda mfupi.

Kilichomchelewesha Le Court si milima. Alijaribu timu za barabarani za Ulaya alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi, akaziacha, akaenda kwenye baskeli za milimani Afrika Kusini. Miaka ile kima cha chini cha mshahara kwa timu za juu za wanawake kilikuwa hakijawekwa; kiliwekwa 2020, kikianza na yuro 15,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 yeye na Vera Looser wa Namibia walishinda Cape Epic, mbio za baskeli za milimani za Afrika Kusini, upande wa wanawake, siku 8 za mchanga na mawe, wawili wawili, na kanuni inakataza wenza kuachana kwa zaidi ya dakika 2. Mwaka uliofuata, akikaribia miaka 28, ndipo alipoingia timu kubwa ya barabarani, na Julai 2024 akashinda hatua ya mwisho ya Giro d'Italia ya wanawake, mbio za siku nyingi za Italia, pale L'Aquila. Baskeli ya milimani ilikuwa imempa mapafu, mikono ya kushuka, na tabia ya kula kwa wakati. Ambacho haikuweza kumpa ni kundi.

Kukaa nyuma ya tairi la mwenzako, sentimita 30 hadi 50, kunakupunguzia kazi kwa theluthi au zaidi. Kabla ya Roche-aux-Faucons wote wanataka kuwa kumi wa mbele, kwa sababu barabara inabana, na aliye wa arobaini anaanza kilima akiwa ameshachelewa. Ujuzi huu haufundishiki peke yako. Watu 6 wakikubaliana kutoka alfajiri ya Jumapili, barabara ya Bwejuu kwenda Michamvi, wanaweza kuanza. Wa mbele anavuta sekunde 30, anatoka upande upepo unakotoka, anarudi nyuma taratibu. Asiongeze mwendo anapopokea zamu. Hilo ndilo linalokata kundi kila mara, na anayelaumiwa huwa wa nyuma! Upepo ukitoka kulia, wa mbele akae kulia na wengine wajipange mshazari kushoto kwake. Kwa kuwa tunaendesha kushoto na nusu ya barabara ndiyo yetu, mshazari unameza watu watatu au wanne tu. Wengine waanze mshazari wa pili. Akiwapo mmoja anayegusa breki ghafla, mrudisheni nyuma kabisa hadi ajifunze. Tairi la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, anayeanguka ni wewe.

Maji na chakula. Kwa unyevu wa hapa lita moja kwa saa si nyingi kwa mtu anayejituma. Lita moja ya maji, vijiko 5 vya chakula vya sukari, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, ndimu nusu: hapo una gramu kama 60 za wanga na chumvi ya kutosha. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo peke yake haliondoi mkazo wa misuli kama watu wanavyodhani, litie chumvi. Kwenye safari ya zaidi ya saa mbili lenga gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa. Ndizi moja ni kama 25, tende ya kawaida kama 5 au 6. Anza kula dakika 30 za mwanzo. Ukisubiri njaa umechelewa, kwani tumbo lenye joto halipokei haraka. Halwa inafanya kazi, ila mafuta yake yanachelewa tumboni. Iache kwa baada.

Mwanamke anayevaa hijabu anaweza kuvaa kofia ngumu bila shida akitumia kitambaa chembamba cha michezo kinachobana kichwa, bila pini. Pini chini ya kofia ngumu ni hatari ukianguka. Fundo la nyuma pia linainua kofia ikaja mbele machoni. Nywele zishushwe chini ya ule mkanda wa kukazia. Nguo ndefu iwe suruali yenye kubana kifundoni, maana baibui linalopepea likiingia kwenye spoku linasimamisha gurudumu la nyuma papo hapo.

Adui mwingine wa visiwani ni chumvi ya hewa. Ukipita barabara ya pwani, mwagia baskeli maji baridi yasiyo na shindikizo kali, futa cheni, tia mafuta tone moja kila kiungo, kisha futa tena yanayobaki nje. Mafuta ya ziada hukamata vumbi la chokaa na kuwa msasa. Nguzo ya siti ya alumini itoe kila miezi miwili uipake grisi, la sivyo itagandana na fremu na fundi ataishia kuikata kwa msumeno. Kwa mwendeshaji wa kilo 60 na tairi za milimita 28 zenye tyubu, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 60 hadi 65 zinatosha. Wale wanaojaza 100 wanarushwa na kila shimo na hawaendi kasi zaidi.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baskeli za barabarani yalifika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Wanawake walikwenda kilomita 164.6, mizunguko 11, na vilima vilikuwa vya aina ile ile: mmoja mita 800, mwingine kilomita 1.3 wenye sehemu ya mawe. Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda. Mtu wa pwani anayetaka kushindana Rwanda ajue Kigali ipo mita 1,500 hivi juu ya bahari, na mapafu yaliyozoea Forodhani yataona upungufu tangu siku ya kwanza. Fika wiki mbili kabla, au kama huna uwezo huo, punguza mwendo wa dakika za mwanzo za kila mpando.

Na ukipakia baskeli kwenye boti ya Dar: toa pedeli zote mbili, ukikumbuka kwamba ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume na desturi, yaani kama mshale wa saa. Fungua gia ya nyuma, ile inayohamisha cheni, uifunge kwa kitambaa ndani ya fremu. Kile kisikio cha alumini kinachoishikilia kinapinda kwa pigo dogo tu la mizigo, kila fremu ina umbo lake, na madukani hapa ni shida kukipata. Agiza viwili kabla ya safari.