RAV4 inayotoa "tik" tu: kumbukumbu ya betri, eathi, stata na kutafuta fundi Dodoma

Gari ni Toyota RAV4 ya kizazi cha kwanza, injini 3S-FE ya lita 2, gia otomatiki. Ufunguo ukizungushwa inasikika "tik" moja, taa za dashibodi zinabaki na nguvu yake, injini haizunguki. Ukirudia mara kadhaa, ghafla stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) inashika na injini inawaka bila shida yoyote. Gari likitoka kwenye vumbi la njia ya Mvumi, hali inazidi.

Ushauri wa gereji ya kwanza: nunua betri mpya. Wa gereji ya pili: nunua stata nzima. Kote huko hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme. Ndiyo maana mradi huu umeanzia kwenye vipimo, na spea zimekuja baadaye.

Sikiliza kwanza

Mlio unapunguza kazi nusu. "Tiktiktik" ya haraka huku taa zikififia ni betri iliyoishiwa au vichwa vyake vimelegea. "Tik" moja nzito na taa hazitikisiki: umeme umefika kwenye solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa) lakini hauvuki kwenda kwenye mota. Kimya kabisa: tafuta kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei au swichi ya nyutro (inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye gia). Kwa gia otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa P kisha N. Likiwaka kwenye N pekee, swichi hiyo ndiyo mshukiwa. Injini ikizunguka vizuri isiwake, stata haina kosa. Hapo ni mafuta au cheche za plagi.

Na otomatiki haisukumwi ikawaka. Wanaojitolea kusukuma wanajichosha bure.

Betri

Kipimo cha asubuhi, kabla ya kuwasha chochote: volti 12.5. Betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 imeisha. Lakini volti za betri iliyotulia hazitoshi. Acha mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako azungushe ufunguo. Stata ikizunguka, usomaji usishuke chini ya 9.6. Hapa, siku stata iliposhika, ulishuka hadi 10.3. Wakati wa "tik" ulibaki 12.4. Namba hiyo ya pili ndiyo iliyoiondolea betri lawama: kama mota ingekuwa inavuta umeme na kushindwa, betri ingeshuka sana. Haikushuka kwa sababu hakuna kilichokuwa kinavutwa.

Seli zilipimwa kwa haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri), zote karibu na 1.26. Seli moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya 0.05, betri hiyo inaelekea mwisho hata kama volti zinaonekana nzuri. Seli mbili zilikuwa zimepungua maji. Joto la Dodoma hukausha maji ya betri na kuharakisha kuliwa kwa sahani za ndani, kwa hiyo fungua vifuniko kila mwezi wakati wa kiangazi. Ongeza maji yaliyosafishwa mpaka yafunike sahani kwa takriban milimita 10. Usiongeze asidi. Kinachopotea kwa joto ni maji, asidi inabaki humo humo; ukiiongeza unaikoleza na kula sahani.

Eathi

Eathi ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha injini na bodi. Hapa ndipo mafundi wengi hupita bila kutazama. Mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (siyo kwenye kishikio cha waya), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha piga stata. Usomaji mzuri ni 0.2 au chini ya hapo. Ilipatikana 0.8. Waya unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye gia boksi ulikuwa umefungwa juu ya kutu na vumbi lililoganda kwa oili. Ulifunguliwa, pande zote mbili zikapigwa msasa mpaka chuma king'ae, ukarudishwa na kukazwa, ukapakwa grisi kwa juu. Usomaji mpya: 0.15.

Stata ilizunguka kwa kasi zaidi, lakini "tik" ilibaki. Yalikuwa matatizo mawili kwa pamoja, na hali kama hii ndiyo inayowafanya watu wabadilishe spea tatu bila kupona.

Stata

Vipimo vitatu, vyote ufunguo ukiwa umeshikiliwa kwenye kuwasha na gari likitoa "tik":

Waya mwembamba wa kuamsha solenoidi: volti 11.4. Ikishuka chini ya 8 hivi, rudi nyuma kwenye swichi ya ufunguo na swichi ya nyutro.

Nguzo nene inayotoka betri: 12.3.

Nguzo nene inayoingia kwenye mota: 0.0.

Umeme unafika mlangoni, hauingii ndani. Ni shaba za solenoidi.

Stata za Denso za aina hii zina shaba mbili ndani ya solenoidi na plunja (fimbo inayovutwa na sumaku) yenye kisahani cha shaba kinachoziunganisha. Kila unapowasha, cheche zinaila shaba kidogo. Ya upande wa betri kwa kawaida huisha kwanza. Ikifika wakati kisahani hakiigusi, unapata "tik" tupu. Ni uchakavu wa kawaida, wala stata haijafa.

Kabla ya kuishusha, ondoa waya hasi wa betri. Hili halina mjadala, maana waya mnene wa stata una umeme muda wote na spana ikigusa bodi inachomelea. Kifuniko cha duara cha solenoidi kina skrubu tatu; nyuma yake plunja inatoka kwa mkono pamoja na springi yake, iweke mahali usiipoteze. Shaba moja ilikuwa imeliwa ngazi nzima, kisahani kina mfereji.

Nunua shaba mbili pamoja na plunja. Kuweka shaba mpya kwenye plunja yenye mfereji ni kuziharibu upya. Peleka za zamani dukani kama sampuli, kwa sababu saizi zinatofautiana. Zisipopatikana maduka ya spea ya hapa, huagizwa Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, na kufika kwa basi stendi ya Nanenane. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya stata ya mtumba.

Wakati wa kufunga, rudisha vizuizi vya plastiki na karatasi ngumu mahali pake pote. Kimoja kikikosekana, nguzo ya betri inagusa bodi ya stata. Usikaze nati moja kwa moja. Bonyeza plunja ndani ili shaba zote mbili zikae usawa mmoja, ndipo ukaze.

Matokeo: nguzo ya mota inasoma 10.1 stata ikizunguka, betri 10.6. Hakuna "tik" tupu tena, asubuhi wala mchana.

Kama ingekuwa inazunguka bila kuwaka

Toyota nyingi za umri huu pampu ya mafuta haivumi ufunguo ukiwa ON tu. Inasubiri injini izunguke. Kwa hiyo kimya siyo ushahidi kwamba pampu imekufa. Kwenye kiboksi cha kupimia chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, ufunguo ON, usikilize tangi. Ukiunganisha TE1 na E1, taa ya injini inahesabu namba ya kosa kwa kumweka: 12 ni mawimbi ya mzunguko wa injini hayafiki kwenye kompyuta, 14 ni mawimbi ya mfumo wa cheche hayarudi. Soma maandishi ya kifuniko vizuri kabla ya kuchomeka waya.

Fundi wa kumwamini

Kwa gari lisilowaka, anza na fundi umeme wa magari. Makenika wa injini aje baadaye. Muulize: "Umepima wapi, umepata ngapi?" Anayejua atakujibu kwa namba na kukuonyesha mita. Anayesema "tubadilishe tu tuone" anajifunzia kwenye mfuko wako. Hela ya ufundi ipatane kabla ya kufungua nati, spea ununue mwenyewe au uende naye dukani, na kila kilichotolewa urudishiwe mkononi. Ukikuta amepitisha waya pembeni ya swichi ya nyutro, au ameweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, mwambie arudishe. Bila swichi hiyo gari linaweza kuwashwa likiwa kwenye gia na likaondoka.

Stata ya mtumba isilipiwe kabla haijajaribiwa kwa betri pale dukani: kipinioni (gia ndogo ya mbele ya stata) kiruke nje na kizunguke kwa nguvu. Hata hivyo, kuzunguka mezani bila mzigo si uhakika kwamba itaisukuma injini.

Kilichobaki

Chaji ya alteneta inasoma 14.1 injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), 13.8 taa na feni vikiwashwa, haina shida. Bado kupima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa; baada ya kufunga milango na kusubiri, inatakiwa isizidi miliampea 50. Alamu iliyofungwa mtaani ndiyo itakayochomolewa kwanza.