Fremu ya Titani ya Mwaka 1996 na Vipuri vya Leo

Nilianza kazi hii kwa kosa la mtu mwenye haraka. Kabla sijapima chochote, nilinunua magurudumu mawili ya kisasa, mepesi na mazuri, kwa ajili ya fremu ya baiskeli ya milimani niliyokuwa nimeipata bila foki (uma wa mbele unaoshika gurudumu) wala vipuri vingine. Nilipolisogeza gurudumu la nyuma kwenye fremu, habu yake, yaani kitovu chake, ilikataa kuingia, kwa kuwa ilikuwa na upana wa milimita 148, ilhali nafasi baina ya masikio ya fremu, yaani pale ekseli inapokaa, ni milimita 135. Fundi mmoja alinishauri niyatanue masikio hayo kwa nguvu, kama watu wanavyofanya kwa fremu za chuma. Nilikataa. Titani ikipindwa hupenda kurudi ilikotoka, na ukiilazimisha kupita kiasi, mkazo huenda kujificha kwenye maungio yaliyochomelewa. Ufa ukitokea hapo si kazi ya kila mchomeleaji, kwa sababu titani iliyo moto hunyonya oksijeni na nitrojeni ya hewani ikawa tete, na ndiyo maana huchomelewa chini ya ulinzi wa gesi ya agoni. Hata hivyo, kuitanua kusingenifikisha popote, maana ekseli nene ya milimita 12 isingekaa kwenye mikato iliyochongwa kwa ekseli nyembamba.

Basi nikachukua kalipa, kifaa cha kupimia upana, na kipande cha karatasi. Masikio ya nyuma, milimita 135. Rimu ambayo fremu ilikusudiwa, kipenyo cha milimita 559, yaani inchi 26 za zamani. Shina la foki, milimita 28.6, nyoofu kutoka juu hadi chini. Bomba la kranki (mikono inayoshika pedali), upana wa milimita 73, lenye hesi za Kiingereza. Bomba la kiti, milimita 27.2. Na mwisho nikaandika jambo ambalo halina kipimo: nyuma hakuna mahali pa kufungia breki ya diski. Karatasi hiyo ilinifaa kuliko ushauri wote nilioupokea, kwani tangu hapo sikuuliza tena kipuri gani ni bora, bali kipi kitakaa bila kuilazimisha fremu.

Foki ndiyo iliyonisumbua zaidi, na naamini ndipo wengi wanapoharibu baiskeli za aina hii. Foki nyingi za leo zenye shokapu zina shina linalopanuka kuelekea chini, nalo haliingii kwenye shingo ya fremu ya zamani. Lakini hata ukibahatika kupata yenye shina nyoofu, urefu wake ni tatizo jingine. Fremu yangu ilichorwa kwa foki yenye takriban milimita 420 kutoka ekseli hadi chini ya shingo, ilhali foki za kisasa za magurudumu makubwa huzidi milimita 500 kwa urahisi. Kila milimita 20 zinazoongezeka hulegeza mwinamo wa shingo kwa karibu digrii moja, na hapohapo kiti hurudi nyuma na kranki huinuka. Nilijaribu foki ya kuazima iliyozidi kipimo cha awali kwa milimita 50 hivi. Kwenye mteremko ilipendeza, nakiri; lakini nilipoanza kupanda mlima gurudumu la mbele lilitangatanga kama mbuzi asiyetaka kuvutwa, nikawa nalirudisha njiani kila baada ya mizunguko michache ya pedali. Niliirudisha jioni ileile, nikanunua foki ngumu ya chuma isiyo na shokapu, yenye urefu sahihi na yenye sehemu ya kufungia breki ya diski.

Sehemu hiyo ilileta uamuzi ambao wapenzi wa baiskeli za zamani wananicheka nao hadi leo: mbele nina breki ya diski, nyuma nina breki ya V, inayobana rimu kwa vibao viwili, ya aina iliyotolewa na kampuni ya Shimano mwaka 1996. Baiskeli inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Diski niliyochagua ni ya waya, iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli za milimani, ambayo huvuta waya kwa urefu uleule wa breki ya V. Hivyo mikono ya breki ni jozi moja na hushikika sawa kwa kulia na kushoto. Waliotaka niweke rimu kubwa zaidi, za milimita 584, hawakukumbuka kwamba ukingo wake unapanda milimita 12.5 zaidi kutoka kwenye ekseli, na vibao vya breki ya V vya nyuma haviufikii.

Kwenye gia sikuwa na huruma na zamani. Baiskeli za wakati ule zilikuwa na sproketi tatu mbele, za meno 22, 32 na 42, na kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya meno 11 hadi 28. Mimi nimeweka sproketi moja ya meno 32 na kaseti ya meno 11 hadi 42. Ukigawanya 22 kwa 28 unapata 0.79, ukigawanya 32 kwa 42 unapata 0.76. Kwa hiyo gia yangu nyepesi kabisa ni nyepesi kuliko ile ya sproketi tatu, na kilichopotea ni mwendo wa kasi kwenye barabara tambarare, ambao siutafuti. Kihamisha cheni chenye klachi huizuia cheni kupigapiga fremu, nayo sproketi ya mbele ina meno mapana na membamba yanayopishana, yanayoishika cheni isiruke. Niliishia kwenye gia 11 kwa sababu kaseti za milimani za idadi hiyo bado zipo zinazoingia kwenye habu ya kawaida ya milimita 135. Kaseti nyingi za gia 12 zinadai habu ya aina nyingine. Jambo la kuangalia ni mstari wa cheni, kwani kranki nyingi za leo huiweka sproketi nje zaidi ili ioane na habu za milimita 148, na kwenye fremu kama hii cheni ingekwenda upande kila unapotaka gia nyepesi.

Usukani wa milimita 700 na stemu fupi kiasi, yaani kiungo kinachoushika usukani, ya milimita 90, vilitosha. Fremu za wakati ule ni fupi, na anayeweka stemu ya milimita 50 atajikuta magoti yanakaribia mikono.

Bomba la kiti la alumini nililipaka grisi ya kuzuia metali kung'ang'aniana, nami hulitoa na kulipaka upya kila baada ya miezi michache, kwa kuwa alumini ikikaa ndani ya titani pamoja na unyevu hulika na kugandamana nayo kiasi cha kuhitaji msumeno. Bado sijaamua kama nitalibadilisha kwa lile linaloshuka kwa kubonyeza kitufe. Yapo ya milimita 27.2, ila waya wake lazima upite nje ya fremu, na kila ninapoitazama hiyo titani isiyo na rangi, mkono unasita.